Denis Diderot na Ukweli Uliofungiwa Sandukuni

Miongoni mwa wanafalsafa waliostawi Ulaya katika karne ya kumi na nane, karne ambayo watu wake wenyewe waliiita karne ya nuru, ni wachache walioshika kalamu katika mambo mengi kama Denis Diderot wa Ufaransa. Na ni wachache zaidi waliofariki dunia hali maandiko yao yaliyo bora yamo sandukuni, hayajasomwa ila na marafiki wa siri. Voltaire alikuwa na sifa kubwa kuliko yeye, na Rousseau alipendwa na kuchukiwa kwa moto zaidi. Walakini msomaji atakaye kujua jinsi maarifa, ukweli, uhuru na tabia ya binadamu yanavyofungamana, hata moja likiguswa yote hutikisika, atapata kwa Diderot mfano ambao si rahisi kuupata kwingine. Mambo hayo kwake hayakuwa mafumbo ya darasani. Yalimpeleka kifungoni, yakamtenga na baadhi ya rafiki zake, yakamlazimisha kuchagua, kila alipoketi kuandika, kama aandike kwa watu waliokuwa hai au kwa watu ambao hawajazaliwa.

Diderot alizaliwa tarehe 5 Oktoba, 1713, katika Langres, mji wenye kuta uliojengwa juu ya kilima mashariki mwa Ufaransa. Baba yake alikuwa fundi wa visu, na visu vya wapasuaji vilivyotoka mikononi mwake vilisifiwa kwa ubora. Mtoto alisomeshwa na mapadre Wajesuiti, na kwa kuwa alikusudiwa awe kasisi, alinyolewa utosi kwa desturi ya kanisa hali bado hajatimiza miaka kumi na mitatu. Akaenda Paris kutafuta elimu, akapata shahada yake mwaka 1732. Lakini hakuwa kasisi, wala mwanasheria, wala mganga. Kwa miaka mingi alijikimu kwa kufundisha hesabu na kufasiri vitabu vya Kiingereza. Alipotaka kumwoa Anne-Antoinette Champion, binti maskini aliyeishi kwa kazi ya nguo pamoja na mama yake, baba alikataa, akaamuru mwanawe afungiwe katika nyumba ya watawa. Mwana alitoroka, akaoa kwa siri mwaka 1743. Hivyo Diderot alionja kufungwa kwa amri ya baba kabla hajaonja kufungwa kwa amri ya mfalme. Hata hivyo jambo moja la nyumbani kwao halikumtoka maisha yake yote, nalo ni heshima kwa mkono wa fundi.

Kitabu kilichomtia mashakani kilitoka mwaka 1749 bila ya jina la mwandishi. Kilikuwa ni barua ndefu juu ya vipofu, iliyoandikwa kwa ajili ya watu wenye macho. Mwingereza John Locke alikuwa amekwisha kufundisha, zaidi ya nusu karne nyuma, kwamba mtu hazaliwi na maarifa yoyote akilini. Yote huingia kwa njia ya milango ya fahamu. Wengi walilikubali neno hilo wakatua hapo. Diderot alikwenda mbele hatua moja akauliza: ikiwa maarifa huingia kwa milango hiyo, mtu ambaye mlango wake mmoja umefungwa tangu kuzaliwa hupata maarifa gani? Alikwenda kumtazama kipofu mmoja katika mji wa Puiseaux, akaeleza jinsi alivyotunga uzi katika sindano, alivyotambua watu kwa sauti, na alivyohukumu uzuri wa kitu kwa kukipapasa. Kipofu huyo alipoulizwa kama angefurahi kupewa macho, alijibu kwamba angependa zaidi kupewa mikono mirefu.

Waswahili husema kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Diderot alionyesha kwamba yeye ndiye wa kuambiwa kwanza, maana mazoea ya kuona humfanya asahau kwamba anaona kwa kiungo, wala si kwa roho tupu. Akaendelea hadi kwenye tabia njema. Yule kipofu aliuchukia wizi kupita watu wengi, kwa sababu yeye huibiwa kwa urahisi. Lakini haya ya mwili hakuielewa sana, wala hakuona sababu ya nguo ila kumkinga mtu na baridi. Basi kama hata mizani ya wema na aibu hutegemea viungo alivyopewa mtu, nani awezaye kusema kwamba mizani yake ndiyo mizani ya ulimwengu wote? Mwisho wa barua hiyo Diderot alimtia kinywani Nicholas Saunderson, kipofu aliyekuwa mwalimu wa hesabu katika chuo kikuu cha Cambridge na aliyefariki mwaka 1739, maneno ambayo Saunderson mwenyewe hakuyasema. Akiwa kitandani pa mauti, kipofu huyo wa kubuniwa anaelezwa na mchungaji uzuri wa mbingu na nchi kuwa ni dalili ya Muumba. Naye anajibu kwamba dalili hiyo haikuwekwa mahali ambapo yeye aweza kuifikia, naye hawezi kusadiki asichoweza kukigusa.

Maneno hayo yalitosha. Tarehe 24 Julai, 1749, Diderot alikamatwa nyumbani kwake akapelekwa katika ngome ya Vincennes, nje kidogo ya Paris. Hakushtakiwa wala hakuhukumiwa. Karatasi yenye muhuri wa mfalme ilitosha siku zile kumtia mtu ndani kwa muda usiojulikana. Kwanza alikana kwamba vitabu alivyoulizwa ni vyake. Baada ya majuma matatu moyo ulilegea. Alimwandikia mkuu wa polisi akakiri, akaahidi kwamba hatafanya tena. Kuanzia hapo kifungo kilipunguzwa ukali, akaruhusiwa kutembea na kupokea wageni. Mmoja wa wageni hao alikuwa Rousseau, na ni katika njia ya kwenda Vincennes kwa miguu kumtazama rafiki yake ndipo Rousseau aliposoma gazetini swali la Chuo cha Dijon lililomfanya mwandishi mashuhuri. Diderot alifunguliwa tarehe 3 Novemba. Waliomwombea kwa bidii kubwa ni wauza vitabu, ambao walikuwa wameweka mali yao katika kazi aliyokuwa akiisimamia, na kila siku ya kifungo chake ilikuwa ni hasara kwao.

Kazi hiyo ndiyo Ensaiklopedia. Mwanzoni yalikuwa ni mashauri ya kawaida ya biashara. Mwaka 1728 Ephraim Chambers alikuwa ametoa London kamusi ya elimu na ufundi katika majalada mawili, na mpiga chapa Le Breton wa Paris pamoja na wenzake walitaka tafsiri yake kwa Kifaransa. Mwaka 1747 Diderot na mwanahesabu d'Alembert walikabidhiwa usimamizi, na mikononi mwao tafsiri ikageuka kuwa kitu kipya. Jalada la kwanza lilitoka mwaka 1751. Kazi ilipokwisha ilikuwa na majalada 17 ya maandishi na 11 ya picha, na makala zaidi ya 70,000. Walioandika walikuwa zaidi ya mia moja, na mmoja wao, Louis de Jaucourt, peke yake aliandika makala yapata 17,000.

Kazi hiyo ilifuata mafundisho yale yale ya barua juu ya vipofu. Ikiwa kila mtu huujua ulimwengu kwa kadiri ya viungo vyake na kazi yake, basi hapana mtu mmoja mwenye maarifa yote. Yamegawanywa kwa wengi, na lazima yakusanywe kwao. Kwa sababu hiyo Diderot hakutosheka na maktaba. Yeye na wenziwe walikwenda katika karakana za mafundi wa Paris, wakauliza, wakaandika, wakachora. Na mahali ambapo fundi alijua kutenda lakini hakujua kueleza, ilibidi kujifunza kutenda ili kueleza. Makala yake juu ya mtambo wa kufuma soksi ni ndefu na ya uangalifu kama makala ya wengine juu ya mambo ya dini na serikali. Siri za mafundi, ambazo vyama vyao vilizificha kwa vizazi, zilichorwa na kuwekwa wazi. Mtoto wa mfua visu aliwaketisha mafundi katika baraza moja na wanachuoni.

Lakini penye maarifa ya wazi hapakosi wenye kuogopa. Katika jalada la kwanza mlikuwa na makala juu ya mamlaka ya serikali, ambayo ilieleza kwamba maumbile hayakumpa mwanadamu yeyote haki ya kuwaamrisha wenzake. Mamlaka yanayotokana na nguvu hudumu kwa muda ule tu nguvu inapodumu, na yaliyo halali hutokana na ridhaa ya wanaotawaliwa. Maneno kama hayo yakichapwa chini ya mfalme aliyedai kwamba amewekwa na Mungu si jambo dogo. Mwaka 1752 majalada mawili ya kwanza yalipigwa marufuku kwa muda. Mwaka 1757, baada ya mtu mmoja kumchoma mfalme Louis wa Kumi na Tano kwa kisu, ilitolewa amri iliyotishia adhabu ya mauti kwa waandishi wa vitabu vya kuitikisa dini au serikali. Tarehe 8 Machi, 1759, ruhusa ya Ensaiklopedia ilifutwa kabisa, na mwaka huo huo Papa Clement wa Kumi na Tatu akaipiga marufuku.

D'Alembert alichoka akajitoa. Voltaire alishauri kazi ihamishiwe nchi za nje. Diderot alibaki Paris. Binti yake alisimulia baadaye kwamba Malesherbes, ambaye ndiye aliyekuwa msimamizi wa vitabu vyote kwa niaba ya serikali, alimpelekea habari mapema kuwa karatasi zake zitatwaliwa, na alipoambiwa kwamba hapana pa kuzificha, akasema ziletwe nyumbani kwake mwenyewe. Majalada yaliyobaki yaliandikwa na kupigwa chapa kwa siri, yakatolewa yote pamoja mwisho wa mwaka 1765 kwa jina la mji wa Neuchâtel, kana kwamba hayakuchapwa Paris.

Katika siri hiyo lilitokea pigo ambalo Diderot hakulitazamia. Mwaka 1764, alipokuwa akitafuta jambo katika kurasa zilizokwisha kuchapwa, aligundua kwamba Le Breton, mpiga chapa wake, kwa woga wa kufungwa na kupoteza mali, alikuwa akikata kwa siri maneno aliyoyaona kuwa ya hatari baada ya msimamizi kuyapitisha, na kwamba nakala za asili zimeharibiwa. Diderot alimwandikia barua ya uchungu na ghadhabu. Kisha akaendelea na kazi, kwa kuwa kuiacha kungewadhuru wanunuzi na waandishi wote. Serikali ilikuwa imemtia woga mpiga chapa, na woga huo ukafanya kazi ya serikali bila ya kuamriwa.

Mambo hayo yanaeleza kwa nini mtu huyu alijifunza namna mbili za kuandika. Katika vitabu vya kuchapwa alisema nusu akanyamazia nusu, na mara nyingine alimwongoza msomaji kutoka makala yenye maneno ya heshima hadi makala nyingine iliyoyabomoa polepole. Hila hiyo aliieleza mwenyewe, bila ya kuficha, katika makala yake ya mwaka 1755 juu ya Ensaiklopedia. Fikara zake kamili aliziandika akaziweka.

Katika maandiko hayo ya siri ndimo alimochimba zaidi swali la tabia ya binadamu. Katika mazungumzo aliyoyatunga mwaka 1769 na kuyaita ndoto ya d'Alembert, alimfikiri binadamu kuwa kiumbe cha mwili mtupu, mwili wenye kuhisi, usiotengwa na wanyama kwa ukuta wowote ila kwa namna ulivyopangika. Tangu mwaka 1756 alikuwa amekwisha kuandika katika barua kwamba hiari, kwa maana ya kutenda bila ya sababu yoyote ya kumsukuma mtu, ni neno lisilo na maana. Hapa msomaji ana haki ya kustaajabu. Mtu aliyekana hiari ya nafsi aliupiganiaje uhuru wa raia? Jibu lake ni kwamba binadamu, ingawa husukumwa na sababu, ni kiumbe kiwezacho kubadilishwa: mfano mwema, malezi, sheria na adhabu ni sababu pia, nazo humgeuza. Basi sheria mbaya ni dhambi kubwa zaidi, kwa kuwa huwafanya wabaya watu ambao wangeweza kuwa wema. Lakini Helvétius alipodai kwamba malezi peke yake humfanya mtu awe chochote, Diderot alimpinga. Alisema watu huzaliwa na maumbile mbalimbali, na mwalimu hawezi kuchonga mti wowote kuwa chombo chochote.

Wala hakujipa ushindi rahisi. Katika kitabu chake juu ya mpwa wa mwanamuziki Rameau, mwanafalsafa anakutana mkahawani na mtu mwenye kipawa na asiye na haya, anayekula kwa kuwasifu matajiri. Mtu huyo anasema wazi kwamba duniani kila mmoja anacheza ngoma ya kujipendekeza kwa aliye juu yake, na mwanafalsafa anakubali kwa sehemu kubwa, akimtoa mwenye hekima tu asiyehitaji kitu. Kitabu kinakwisha bila ya mshindi. Diderot alitafuta ukweli kwa kuwapa wapinzani wake maneno yaliyo makali kabisa, hata yakamjeruhi mwenyewe.

Katika jambo la utumwa alifika mbali zaidi ya wengi wa zama zake, na hapo pia alisema bila ya jina. Ensaiklopedia yenyewe ilikuwa na ndimi mbili: Jaucourt aliandika kwamba biashara ya kuuza watu inapingana na dini, na maumbile, na haki zote za binadamu, lakini makala nyingine za kitabu hicho hicho ziliieleza kama biashara nyingine yoyote, na kuwasema watu weusi kwa dharau. Diderot baadaye alichangia kurasa nyingi, zisizotajwa jina lake, katika kitabu cha Raynal juu ya biashara na makoloni ya Wazungu, hasa katika toleo la mwaka 1780. Kitabu hicho kililaani utumwa, kikaonya kwamba watumwa watapata kiongozi wa kulipiza kisasi. Mwaka 1781 kilichomwa moto kwa amri ya Mahakama Kuu ya Paris, na Raynal akakimbia nchi.

Maneno hayo hayakuwa ya mbali na mwambao wa Afrika Mashariki. Tarehe 14 Septemba, 1776, Mfaransa aitwaye Morice alifanya mkataba na Sultani wa Kilwa ili apewe watumwa 1,000 kila mwaka, kila mmoja kwa bei ya piasta 20, wapelekwe kwenye mashamba ya Wafaransa katika visiwa ambavyo leo huitwa Mauritius na Réunion. Hali Diderot akiandika chumbani kwake Paris kwamba hapana mtu awezaye kumuuza mtu, wenzake wa taifa moja walikuwa wakitia sahihi bei ya watu wa nchi ya Kilwa. Kalamu yake haikuwafungua. Ufaransa ilifuta utumwa mwaka 1794, ikaurudisha mwaka 1802, na haikuufuta kwa mara ya mwisho katika makoloni yake hadi mwaka 1848.

Hata msaada alioupata mwanafalsafa huyo ulitoka mkononi mwa mtawala wa nguvu. Mwaka 1765, alipotaka kuuza vitabu vyake apate mahari ya binti yake, Malkia Catherine wa Pili wa Urusi alivinunua kwa livre 15,000, akamwachia avitumie maisha yake yote na kumlipa mshahara kama mtunzaji wake. Diderot alikwenda Saint Petersburg kutoa shukrani, akakaa huko tangu Oktoba, 1773, hadi Machi, 1774, akizungumza na malkia mara nyingi. Alipokuwa njiani kurudi aliandika maoni yake juu ya sheria alizozitunga malkia, akasema kwamba mwenye enzi wa kweli ni taifa na mtunga sheria wa kweli ni watu. Maoni hayo nayo yaliingia sandukuni. Catherine aliyaona baada ya mwandishi kufariki Paris tarehe 31 Julai, 1784, na kupelekewa vitabu na karatasi zake, akakasirika sana.

Wako waliomlaumu Diderot kwa kunyamaza, na wako waliomsifu kwa busara. Kwa mtu mwenye mke, binti, na kazi ya watu zaidi ya mia moja mgongoni, ahadi aliyoitoa Vincennes haikuwa jambo la kuchezea, na wasiopata kulala ngomeni wawe waangalifu kuhukumu. Mwenyewe alijifariji kwa watu wa baadaye. Katika barua alizoandikiana na mchongaji sanamu Falconet alishikilia kwamba hukumu ya vizazi vijavyo ni thawabu ya kutosha kwa mwenye kufanya kazi njema, hali Falconet akiiona kuwa kitu kitupu.

Yaliyotokea baada ya kufa kwake yanampa haki kwa upande mmoja na kumnyima kwa upande mwingine. Vitabu vyake vya siri vilifika. Lakini kile cha mpwa wa Rameau kilionekana kwanza kwa Kijerumani, mwaka 1805, kwa tafsiri ya Goethe. Wafaransa wakakisoma mwaka 1821 katika tafsiri ya tafsiri hiyo. Na nakala ya mkono wa Diderot mwenyewe ilipatikana kwa muuza vitabu vikuukuu kando ya mto wa Paris, ikachapwa mwaka 1891. Ndoto ya d'Alembert ilichapwa mwaka 1830. Ukweli uliowekwa akiba kwa njia hiyo hutegemea mchwa, moto, na bahati ya mpita njia. Kinyume cha hayo, Ensaiklopedia, pamoja na hila zake na majeraha iliyotiwa na Le Breton, ilinunuliwa na watu yapata 4,000 mara ya kwanza, ikachapwa tena na tena kwa bei nafuu, ikafanya kazi yake hali walioiandika wangali hai.

Hapo ndipo fikara zake juu ya maarifa zinaporudi kumhukumu yeye mwenyewe. Alifundisha kwamba mtu mmoja hupapasa sehemu tu ya ulimwengu, na kwamba ukweli hukamilika ukipita katika mikono mingi, ya wanachuoni na ya mafundi, ya wenye macho na ya vipofu. Ikiwa ndivyo, uhuru wa kusema si zawadi anayopewa mwenye elimu akiisha kuelimika. Ni sehemu ya namna elimu inavyopatikana. Fikara iliyofungiwa sandukuni yaweza kuwa nzuri na yaweza kuwa ya kweli, lakini haijapapasiwa na mkono mwingine, na mwenye kuitunga hufa bila ya kujua ilipokosea. Wale waliomtoza ahadi Vincennes hawakumwua wala hawakuzichoma karatasi zake. Walimnyima wasikilizaji wa zama zake, na zama zake wakazinyima jibu.